Kosa la Kubaki Nyumbani

Hotuba kwa vijana wanaojitolea kusaidia familia za waliokamatwa, Nairobi

Hamjambo? Asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenitambulisha kama mwanasheria. Amenipandisha cheo bila mshahara. Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kuvusha maneno ya huyu kuyafikisha kwa yule, Kifaransa kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kifaransa. Nilizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Birere, na hapa Nairobi nimekaa kiasi kwamba kule wananiambia naongea Kikenya na hapa mnaniambia naongea Kikongo. Nimezoea. Mkalimani ni mgeni kwa pande zote mbili.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja, ameshika simu. Mwanawe alikuwa amekamatwa huko nyumbani, na ndugu walikuwa wameipiga picha karatasi ya mashtaka wakamtumia. Kifaransa kitupu. Nikamsomea nikitafsiri neno kwa neno, kama nilivyofundishwa: kijana anashtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa dola.

Mama akanitazama. Akauliza, "Dola ngapi?"

Chekeni tu, hata mimi nilitaka kucheka. Lakini Goma watu wanalipa kodi ya nyumba kwa dola, wanalipa karo kwa dola, na neno hilo kwake lilikuwa na maana moja. Alisikia kwamba mwanawe ameiba. Nikamweleza kwamba dola niliyoitaja haiwekwi mfukoni, ni serikali, ni mamlaka ya nchi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali la pili, na hilo ndilo lililonileta hapa leo. "Sasa huyu mtoto amefanya nini hasa?"

Nilirudi kwenye karatasi. Niliisoma mara mbili, kisha ya tatu. Haikusema.

Baadaye nilipata kujua alichofanya. Alisimama kando ya barabara na wenzake, wameshika mabango ya karatasi. Lakini hilo nililipata kwa mdomo wa jirani. Kwenye karatasi ya serikali palikuwa na usalama wa dola tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia pengo hilo, kati ya jambo alilofanya mtu na jina ambalo jambo hilo hupewa likishavuka mlango wa kituo cha polisi. Na nimeona kwamba kadiri jambo lenyewe lilivyo dogo na la amani, ndivyo jina lake linavyolazimika kuwa kubwa. Aliyevunja dirisha atashtakiwa kwa kuvunja dirisha, basi, hesabu imekwisha. Ambaye hakuvunja chochote ndiye anayehitaji maneno mazito.

Nitawasimulia ya kwetu Goma, kwa sababu ndiyo ninayoyajua, na kwa sababu mengi yake yalifanyika kwa Kiswahili.

Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu. Maji unayaona kutoka mitaa mingi ya mji. Nchi yenyewe ndiyo yenye mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji. Na bado mtoto wa Goma anaujua uzito wa dumu la lita 20, sisi tunaliita bidoni, kabla hajajua herufi. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo iliufunika sehemu yake kwa lava mwaka 2002, ikarudi tena mwaka 2021, na kuchimba mtaro wa bomba kwenye mawe yale si kazi ya jembe. Hilo nalikubali. Lakini mawe hayaelezi kila kitu. Hayaelezi kwa nini bomba likishafika linakauka, wala kwa nini watu wanachota ziwani huku kipindupindu kikijulikana kwa jina na kwa msimu.

Mwaka 2012 vijana wa mji huo walianzisha kikundi walichokiita LUCHA. Kirefu chake ni Kifaransa, Lutte pour le Changement, mapambano ya kuleta mabadiliko. Wengi walikuwa wanafunzi, au watu waliomaliza chuo na kukaa nyumbani na shahada ukutani. Hawakutaka rais wala mwenyekiti wa kikundi, samahani mwenyekiti, na waliapa kutotumia nguvu. Hilo la kutotumia nguvu tulisikie kwa masikio ya Kivu. Katika jimbo ambalo kila malalamiko yakipata bunduki kumi yanageuka kundi lenye jina la herufi tatu, kijana anayesema nitalalamika kwa mikono mitupu amesema jambo geni kabisa. Wazee wetu walitulea kwa methali: mwenye nguvu mpishe. Hawa walisema hatupishi, na hatupigi.

Kampeni yao iliyotajwa sana ilikuwa ya kudai maji: "Goma inataka maji". Kwa Kiswahili pia, angalieni, si kwa Kifaransa cha ofisini tu. Mama wa sokoni Virunga hakuhitaji mkalimani. Nadhani, na hii ni dhana yangu mwenyewe, kwamba hapo ndipo wakubwa walipoanza kuwaogopa. Malalamiko kwa Kifaransa ni barua. Unaiweka kwenye droo. Malalamiko kwa lugha ya sokoni yanatembea.

Niweke hapa neno moja la fundi, kwa sababu limewahi kuleta madhara. Magazeti ya Kifaransa huwaita vijana hawa "les militants de la Lucha". Militant kwa Kifaransa ni mtu aliyejitoa kwa ajili ya jambo. Hata anayegawa vipeperushi vya kuhifadhi ndege ni militant. Nimekuta habari hiyo hiyo ikifika kwa Kiswahili imekuwa "wapiganaji wa Lucha". Wapiganaji! Kivu! Mfasiri mvivu anaweza kumvalisha mtu gwanda bila kutoka kwenye kiti chake. Ni wanaharakati. Mkiandika taarifa zenu, chungeni neno hilo.

Sasa twende Kinshasa kidogo. Machi 15, 2015, vijana kutoka vikundi mbalimbali walikutana katika kata ya Masina kuzindua jukwaa jipya la kuhamasisha vijana kushiriki mambo ya nchi kwa amani. Jukwaa lenyewe walilipa jina la Kiswahili: Filimbi. Jina hilo ni zuri. Filimbi ni ya refa. Hapigi mtu, hafungi goli, ila akiipuliza kila mtu uwanjani anajua kuna faulo. Walialika wageni kutoka Senegal, kikundi cha Y'en a Marre, na kutoka Burkina Faso, Balai Citoyen. Vyombo vya usalama vikavamia, watu wapatao thelathini wakakamatwa. Wageni wakafukuzwa nchini. Wengine wakaachiwa polepole. Wawili wakabaki: Fred Bauma wa LUCHA, aliyetoka Goma, na Yves Makwambala, aliyekuwa akitengeneza tovuti ya Filimbi.

Kwa wiki kadhaa walizuiliwa na idara ya ujasusi. Kwa katiba ya Kongo, kifungu cha 18, polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwa mamlaka ya sheria. Saa 48! Kisha wakapelekwa gereza la Makala, na mashtaka yakaja. Mojawapo lilikuwa njama dhidi ya maisha ya mkuu wa nchi. Adhabu yake inaweza kufika kifo. Kwa ajili ya filimbi. Serikali ilizungumzia uasi na ugaidi. Bunge lenyewe lilituma watu kuchunguza, nao wakarudi na kusema hawakuona dalili ya ugaidi. Haikusaidia. Fred na Yves walikaa ndani hadi Agosti 29, 2016, walipoachiwa kwa muda. Hesabuni: miezi zaidi ya 17. Na hukumu haikuwahi kutolewa.

Kiswahili kina maneno mawili hapa ambayo Kifaransa cha mtaani huyachanganya, na nawaomba msiyachanganye. Mfungwa ni yule ambaye hakimu amekwisha kumtia hatiani. Mahabusu anasubiri. Mfungwa anahesabu siku zinazopungua, anaweza kuchora mistari ukutani. Mahabusu hana cha kuhesabu, siku zake zinaongezeka tu. Fred na Yves waliingia mahabusu na kutoka mahabusu. Kwa mtu aliyetaka wanyamaze kwa mwaka mmoja na nusu, kesi isiyokwisha ilifanya kazi yote ya hukumu, bila usumbufu wa kuthibitisha lolote.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha Goma yenyewe, mwaka mmoja baada ya Fred na Yves kukamatwa.

Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, au ulipaswa kuwa. Muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unakwisha Desemba 19, na kila mtu aliona kwamba maandalizi hayaendi. Uchaguzi wenyewe ulikuja kufanyika Desemba 30, 2018, miaka miwili baadaye, kwa hiyo waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wameota. Upinzani na mashirika ya kiraia wakaitisha siku ya ville morte, mji mfu: maduka yafungwe, pikipiki zisibebe abiria, watu wakae nyumbani. Siku waliyochagua ni Februari 16. Tarehe hiyo Wakongo wa rika langu hawaisahau, kwa sababu Februari 16, 1992 Wakristo waliandamana Kinshasa na matawi na Biblia wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na askari wa Mobutu wakawafyatulia risasi.

Siku tisa kabla, timu ya taifa ilikuwa imeichapa Mali mabao 3 kwa 0 mjini Kigali na kubeba kombe la CHAN. Mji ulikuwa bado na furaha. Usiku wa kuamkia Februari 16, vijana sita wa LUCHA walikuwa ndani ya nyumba moja Goma wakiandaa mabango. Kabla ya kupambazuka polisi wakaingia. Miongoni mwa hao sita alikuwa msichana, Rebecca Kavugho.

Tafakarini kidogo jambo lenyewe. Hawakuwa barabarani. Hakukuwa bado na maandamano. Na hata kama siku ile ingefanikiwa kwa asilimia mia, ingekuwa siku ya watu kutokuwapo barabarani. Katiba ya Kongo, kifungu cha 26, inalinda haki ya kuandamana, na inataka waandaaji watoe taarifa kwa maandishi. Je, mtu anayekaa sebuleni kwake anamwandikia nani taarifa? "Mheshimiwa Meya, kesho nakusudia kutotoka"?

Karatasi ya mashtaka ililipata jina lake: jaribio la kuchochea watu wasiitii mamlaka. Ukilifungua jina hilo kama unavyomenya kitunguu, tabaka kwa tabaka, ndani unakuta nini? Kuna jaribio, maana yake hawakufanikiwa. Kuna kuchochea, maana yake walisema, au walitaka kusema. Kuna kutotii, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Ni amri ipi waliyoikataa? Ni amri gani ya serikali inayomlazimisha muuza nyanya afungue meza yake siku ya Jumanne?

Februari 24 walihukumiwa miaka miwili. Siku nane tangu kukamatwa. Sheria ile ile iliyotambaa Kinshasa ilikimbia Goma. Machi 4 mahakama ya rufaa ikapunguza kifungo hadi miezi sita. Na Julai, zikiwa zimebaki wiki chache kimalizike chenyewe, ukaja msamaha wa rais.

Msamaha. Neno hilo nalo mkalimani analitafsiri kwa mdomo mkavu. Kwa Kiswahili mtu husamehewa kosa. Ukinisamehe, umetangaza kwamba nilikukosea. Mtu aliyekaa gerezani kwa sababu ya kuomba watu wakae nyumbani anatolewa kwa neno linalomthibitishia kosa. Sisemi angekataa kutoka. Mwanangu angekuwa mle, ningembeba mgongoni hadi nje na kuacha lugha ijitetee yenyewe. Nasema tu tuone linachofanya.

Walikuwa wamefungwa Munzenze, gereza kuu la Goma. Niruhusuni niwape picha ya gereza la kwetu, maana wengi wenu mnalijua la hapa. Usitegemee chungu cha serikali. Anayekula vizuri ni yule mwenye mtu nje. Kwa hiyo kila asubuhi langoni pana mama, dada, mchumba, na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa: ugali wa muhogo, maharage, sombe ya majani ya muhogo, siku njema sambaza, visamaki vya ziwani. Na sufuria haiingii hivi hivi. Kuna wa kumpa chochote ili aifungue, na wa kumpa chochote ili aifunge. Ukipiga hesabu ya nauli, mkaa, unga, na hicho "chochote" cha kila mlango, utaona kwamba hakimu alimhukumu kijana miezi sita na kuihukumu familia nzima faini ambayo haikuandikwa popote. Wapo mama waliouza cherehani. Wapo wadogo zao waliokosa muhula wa shule. Tukisema "wamefungwa sita", tunakuwa tumehesabu sahani tukawasahau waliopika.

Munzenze hiyo hiyo, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wafungwa walivunja milango na maelfu wakatoroka. Katika upande wa wanawake, wanawake wengi walibakwa, kisha moto ukawateketeza. Wengine walikuwa na watoto wao mle. Siwezi kulisimulia zaidi ya hapo. Nalitaja kwa sababu kila mara mtu anapopelekwa gerezani kwa ajili ya bango, anawekwa chini ya ulinzi wa watu ambao siku ya hatari watakimbia na funguo.

Na mambo hayakuishia kwa Kabila, msije mkadhani rais akibadilika kamusi inabadilika. Mei 2021 serikali ya Félix Tshisekedi ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Novemba mwaka huo, Beni, wanaharakati 13 wa LUCHA walikamatwa wakiandamana kulalamika kwamba chini ya utawala huo huo wa kijeshi watu bado wanachinjwa. Aprili 1, 2022 wakahukumiwa miezi 12 na mahakama ya kijeshi. Raia kumi na watatu, mikono mitupu, mbele ya jaji mwenye vyeo mabegani. Beni ni mji ambao watu wake wamezika mpaka wamechoka. Walioomba walindwe ndio waliofungwa.

Nimeambiwa nisiwafundishe mambo ya hapa, mnayajua kuliko mimi. Kweli. Ila nilikuwa nikiangalia mwaka 2025, baada ya maandamano ya Juni 25 na ya Saba Saba, Julai 7, vijana wakifikishwa mahakamani Nairobi kwa mashtaka ya ugaidi, na nikalisikia sikioni lile swali la "dola ngapi". Katiba yenu, kifungu cha 37, inasema mtu anaweza kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Kati ya "bila silaha" na "ugaidi" kuna safari ndefu sana ya maneno. Mtu fulani aliketi mezani, na kalamu, akaisafiri.

Kuna watu wazima wananiambia, bwana, hawa vijana wanatafuta tuzo. Ni kweli tuzo zilikuja. Mwaka 2016 LUCHA ilikuwa kati ya waliopewa tuzo ya Balozi wa Dhamiri ya Amnesty International, pamoja na wale wenzao wa Senegal na Burkina Faso waliofukuzwa Kinshasa. Mwaka 2017 Rebecca Kavugho alisimama Washington akapokea tuzo ya wanawake jasiri ya serikali ya Marekani. Mimi huwajibu hivi: kama unadhani ni biashara nzuri, Munzenze haina foleni ya kuingia. Lakini nakiri pia kwamba tuzo ina hila yake. Inachagua uso mmoja. Ukimuuliza mtu wa nje, anamkumbuka mmoja au wawili. Wale wengine waliotoka, wakarudi mtaani bila kazi, wakakuta chuo kimeshawafuta, hawana sanamu wala hotuba. Na bado bidoni zipo kwenye foleni.

Nimalizie na kazi yenu, maana hamkuja hapa Jumamosi kumsikiliza mkalimani akilalamikia kamusi.

Nyinyi ndio mtakaofika kituoni kabla ya wakili. Mkifika, andikeni. Andikeni saa aliyokamatwa, kwa sababu saa 24 za katiba yenu zinaanza hapo na si pale afisa wa zamu atakapopenda zianze. Ombeni nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na mkinyimwa, andikeni kwamba mmenyimwa, na nani amewanyima. Andikeni majina yote, hata ya yule asiyejulikana na mtu, hasa huyo.

Na kabla hamjasikia mashtaka, mwulizeni mtu mwenyewe, au jirani aliyeona, alikuwa akifanya nini. Kisha liandikeni hilo kwa kitenzi cha kawaida, kitenzi cha jikoni. Alikuwa amekaa. Alikuwa ameshika karatasi. Alikuwa akiimba. Alikuwa akichora bango ndani ya nyumba. Msiandike "alikuwa akitekeleza haki yake ya kikatiba". Hilo wakili atalisema, na atalisema vizuri zaidi. Mashtaka yakija, yaandikeni kando yake, mstari huo huo, maneno yale yale ya polisi bila kuyapamba wala kuyapunguza. Mama akifika, msomeeni upande wa kushoto kwanza.

Nimewachapishia fomu yenye safu hizo mbili. Zipo pale mezani karibu na chai, chukueni mbili mbili. Kalamu hazikutosha.